Mbinu za Chuo Kikuu Zimeshafika Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, nipe sikio lako, maana nina jambo ambalo limenikaa rohoni tangu likizo ya Aprili.

Sisi wa kidato cha tatu mwaka huu wa 2026 ni watu wa ajabu kidogo. Ukigeuka ukatazama nyuma yetu huoni kidato cha pili wala cha kwanza. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023 na waliofanya ni sisi. Waliotufuata ni wa mtaala mpya, na sasa tunao hapa shuleni wakiitwa gredi ya kumi. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985 utakuja kufungwa mlango na sisi. Basi kwa ajili hiyo kila mtu ana la kutufunza. Mzazi ana lake, jirani ana lake, hata kondakta wa matatu ya feri akiona sare ana lake. Lakini wanaotufunza kwa bidii kuliko wote ni ndugu zetu wa vyuo vikuu wanaporudi likizoni.

Nyinyi mnajua mambo yalivyo huku Mbaraki. Kijana akifunga chuo huko Nairobi au Eldoret, hamalizi siku tatu ashapata wanafunzi wa tuisheni. Sebule ya mama yake yageuka darasa, makochi yasukumwa ukutani, na sisi twakaa mkekani na madaftari yetu. Kwa hesabu na kemia sina neno. Wengine wafunza vizuri kushinda (hapa nanyamaza kwa heshima ya walimu wangu). Lakini kati ya hesabu moja na nyingine hutufunza kitu kingine ambacho hakimo katika silabasi yoyote, nacho ni jinsi wao wenyewe wanavyofanya mitihani huko kwao. Wanasimulia kwa kicheko, na sisi twacheka, na kesho yake darasani nawasikia wenzangu wakiyarudia maneno yale yale kana kwamba ni sheria ya shule. Mimi naona katika mbinu hizo kuna zinazofaa kupokelewa kwa mikono miwili, na kuna ambazo zikituzoea sasa hivi zitatuharibu kabla hatujafika huko chuo kikuu kwenyewe.

Mbinu wanayojivunia sana ni ya hesabu ya alama. Karatasi ya mtihani katika vyuo vikuu vyetu vingi ina sura moja. Maswali ni matano. La kwanza ni la lazima na lina alama 30, kisha mtu achagua mawili katika manne yaliyobaki, kila moja alama 20. Jumla ni 70, na muda ni saa mbili. Zile 30 za kutimiza mia zatoka katika majaribio ya kati ya muhula na kazi za kuandika, ambazo wao waziita CAT. Na katika kozi nyingi alama ya kupita ni 40. Haya, sasa piga hesabu. Mtu aliyejikusanyia 25 katika CAT, pengine kwa kazi iliyofanywa na kundi zima yeye akaandika jina lake tu, anahitaji 15 katika zile 70 ili apite. Kumi na tano!

Kaka yangu mmoja, mtoto wa khalati, asomea uhandisi wa ujenzi katika chuo ambacho sitakitaja. Yeye ndiye aliyetuandikia hesabu hiyo kwenye daftari ikazungushwa mkeka mzima.

"Mdogo wangu, mtu hasomi silabasi, asoma karatasi," aliniambia. "Mada ziko kumi. Nikizijua tano barabara, mawili ya kuchagua siyakosi, na lile la kwanza nalipata nusu."

"Na zile tano nyingine, kaka?"

"Zile nitazisoma nikishaajiriwa."

Wote wakaangua kicheko. Mimi nikamuuliza, kwa adabu, mada alizoziruka muhula ule ni zipi. Akazitaja bila wasiwasi, na mojawapo ilikuwa misingi ya nyumba katika udongo laini.

Msomaji, sikulala vizuri usiku ule. Nampenda kaka yangu na najua ana akili kuliko wengi wetu. Lakini tazama magorofa yanavyoota Ganjoni na Kizingo, kila mwaka marefu kuliko ya mwaka jana, kisha ujiulize ni nani ataambiwa aseme kama ardhi itayabeba. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, wakafa watu zaidi ya 40. Lile lilijengwa kando ya mto na bila idhini, kwa hivyo simtii mtu yeyote kosa la kuruka mada. Nasema tu kwamba udongo hauna swali la lazima na maswali ya kuchagua.

Hata hivyo tusimtupe mtoto pamoja na maji ya kuogea, kama wasemavyo wengine. Hesabu hiyo ina nusu yake nzuri, nayo ni ya kugawa wakati. Swali la alama 30 kati ya 70 katika saa mbili lastahili dakika kama 50, na yale ya 20 dakika kama 35 kila moja. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliye makini huandika saa za kuanza na kumaliza kando ya kila swali kabla hajagusa kalamu ya pili. Sisi je? Karatasi ya Insha tunapewa saa moja na dakika 45, insha mbili, alama 20 kwa 20, na bado kuna wenzangu (hawajifichi) ambao hupamba ile ya kwanza kwa methali na tanakali za sauti hadi saa nzima ikapita, kisha ya pili yaandikwa kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Hili tuwaige. Tuwaige pia kwa kusoma karatasi yote kabla ya kuanza, na kuanza na lile unaloliweza ili moyo utulie.

Kisha kuna kubashiri. Wakusanya mapepa ya miaka mitano au sita ya mhadhiri mmoja, waandika kila mada na mwaka ilipotoka, halafu wakaa kama wapiga ramli: hii ilitoka mwaka jana haitarudi, hii haijatoka miaka miwili basi mwaka huu lazima. Na huku kwetu yameingia. KCSE ilifanywa mara ya kwanza mwaka wa 1989, kwa hivyo mapepa ya kubashiria hayapungui, na kila mahali pa fotokopi mjini yapo. Katika darasa letu watu wameshaamua dondoo zipi za Bembea ya Maisha zitatoka mwaka ujao. Kurasa hizo zimepigwa mistari hadi karatasi imetoboka, na kurasa nyingine ukizifungua zalia kama kitabu kipya.

Walimu wangu, mniwie radhi kwa nitakalosema, maana najua mtalisoma. Kubashiri si kosa la mwanafunzi peke yake. Wavuvi wa Likoni wajua maji yatajaa saa ngapi na yatatoka saa ngapi kwa sababu bahari ina ada yake na haiibadilishi. Mtungaji wa mtihani naye akiwa na ada kama bahari, watu watapanga safari kwa kumfuata. Swali likirudi neno kwa neno kama lilivyokuwa miaka mitatu iliyopita, aliyekariri jibu na aliyefahamu wapata sawasawa, na pengine wa kukariri akapata zaidi kwa kuwa ameandika haraka. Sasa ni nani atakayejisumbua kufahamu? Mimi naomba, na naomba kwa heshima zote, katika mtihani wa mwisho wa muhula walau swali moja katika kila somo liwe halijapata kuonekana popote. Tutalia, najua. Tulieni nanyi mtusikilize tukilia.

Kukesha nitakusemea kwa urefu kidogo kwa sababu ndiko kunakotudanganya zaidi. Kule hosteli, wasema, wiki ya mtihani taa hazizimwi. Mtu hakusoma wiki 12, sasa ataka kuzimeza kwa usiku mmoja. Kahawa, vinywaji vya kopo, na wengine miraa na muguka. Hapa Mombasa muguka ulizua kelele kubwa mwezi wa Mei 2024, gavana akaupiga marufuku usiingie kaunti na mahakama ikasimamisha amri hiyo, na katika kelele zote zile waliotajwa ni vijana wa maskani. Wanafunzi wanaotafuna ili wasome hawakutajwa sana, lakini wapo, na wanafunzi wa sekondari waliowaona pia wapo.

Ubaya wa kukesha ni kwamba kwafaa. Naam, kwafaa, kwa asubuhi moja. Mwaka wa 2006 wataalamu wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliandika juu ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Walipewa habari fupi ya kusoma. Kuna nyakati waliisoma na kuirudia kuisoma. Nyakati nyingine waliisoma mara moja kisha wakaifunika na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, kurudia kusoma kulishinda: asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojiuliza wakakumbuka asilimia 56 na waliorudia kusoma asilimia 42. Yaani yule anayesoma na kurudia usiku kucha hajidanganyi kwamba anajua. Saa ile anajua kweli. Kinachomdanganya ni kudhani atajua wiki ijayo.

Nilipolisoma hili nilicheka peke yangu, kwa maana sisi watu wa pwani tumelijua bila ya kwenda St. Louis. Neno chuo twalikuwa nalo kabla vyuo vikuu havijajengwa. Wengi wetu tulisoma chuoni, Mji wa Kale au hapa hapa mtaani, na kule hakuna mwalimu aliyetuuliza tumesoma sura mara ngapi. Alifunika msahafu akasema, "Soma." Ukikwama, mwenzako alikutilia neno moja, ukaendelea. Kesho ukaanza nyuma kidogo ya pale ulipoishia, na kila baada ya muda ukarudishwa hata kwa zile ulizodhani umemaliza. Mtoto wa miaka minane alikuwa akifanya kila alasiri jambo ambalo mtu wa miaka 22 hulisahau akifika chuo kikuu. Na sisi tulisahau mapema zaidi. Tulilisahau siku tuliyovaa sare ya sekondari, kwa sababu hatukudhani kwamba kilichofaa kwa dini chaweza kufaa kwa jiografia.

(Dua nayo ni mbinu, na wa kuibeza si mimi. Mnara wetu wa Mbaraki, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe kiasi cha miaka 300 iliyopita, umewaona watu wengi wakija na ubani na marashi kutaka haja zao, na sitashangaa nikiambiwa mitihani imo katika haja hizo. Mama yangu naye hunisomea kila nitokapo. Lakini hunisomea mimi niliyesoma.)

Sasa nije kwa lile linalochekesha zaidi, yaani mwakenya. Hakuna mwanafunzi wa Kenya asiyelijua neno hili. Ni kile kijikaratasi chenye maandishi kama sisimizi, kinachotiwa ndani ya soksi, nyuma ya kalkuleta au chini ya ukanda wa saa, na siku hizi kimekuwa simu iliyozimwa sauti. Wahadhiri wana wanafunzi 300 katika ukumbi mmoja na wasimamizi wachache. Akitoka mtu kwenda msalani, arudi na mada nzima. Hadithi hizi ndizo zinazoombwa sana kule mkekani. "Kaka, tusimulie ya mwakenya."

Lakini ni wangapi kati yetu wajua neno lenyewe lilikotoka? Katika miaka ya 1980 palikuwa na chama cha siri kilichopinga serikali ya wakati ule, kikiitwa Mwakenya, yaani Muungano wa Wazalendo wa Kukomboa Kenya. Kilisambaza karatasi zake kisirisiri, na kuanzia mwaka wa 1986 watu wengi walikamatwa, wakiwamo wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu. Wengine wakafungwa kwa kupatikana na karatasi hizo tu. Wanafunzi wakalichukua jina hilo wakalipa karatasi zao za kuibia mtihani, kwa kuwa zote ni karatasi za kufichwa. Mzaha ulikuwa mzuri, sikatai. Hata hivyo kila nikilisikia neno hilo naona haya kidogo kwa ajili ya waliolala jela.

Na sisi wa Mombasa tuna karatasi yetu ya siri ambayo chama cha Kiswahili hakifai kuisahau. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji huu, alifungwa kutoka mwaka wa 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi? Akiwa kifungoni alitunga mashairi, akayaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani, nayo yakaja kuchapishwa mwaka wa 1973 katika kitabu Sauti ya Dhiki. Yeye alificha karatasi kwa kuwa kichwa kimejaa na hapana pa kuandikia. Huyu wa mwakenya aficha karatasi kwa kuwa hana cha kuandika.

Tena watu hudhani wizi wa mitihani huanza chuo kikuu. La hasha. Matokeo ya KCSE ya mwaka wa 2015 yalikuwa na A zaidi ya 2,600, na watahiniwa zaidi ya 5,000 matokeo yao yalifutwa kwa udanganyifu. Mwaka uliofuata karatasi zikafungiwa makontena yenye makufuli, ulinzi ukakazwa, na A zikawa 141 nchi nzima. Sisemi tofauti yote ile ilikuwa wizi, kwa maana hata namna ya kusahihisha ilizua mabishano. Lakini kutoka 2,600 hadi 141! Wengi wanaoingia chuo kikuu na mwakenya mfukoni, mfuko wenyewe waliushona sekondari.

Ya kununua kazi sina haja ya kuyarefusha. Vijana wa Kenya kwa miaka mingi wamekuwa wakiwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo, filamu ya mwaka wa 2024 iitwayo The Shadow Scholars ikawaonyesha, na Uingereza ilitunga sheria mwaka wa 2022 kuzikataza biashara hizo kule kwao. Siku hizi kuna programu za akili bandia ambazo zaandika bure. Kinachoniuma mimi ni kwamba vijana wetu wana uwezo wa kuandika kazi ya shahada ya mtu wa ng'ambo usiku mmoja, kisha mwenye kupata shahada ni yule aliyelala.

Kuna atakayeniambia, "Wewe ni mtoto wa kidato cha tatu, wayajuaje ya chuo kikuu?" Nayajua kwa kuwa nafunzwa kila likizo, na kwa kuwa kaka yangu ni mkweli, hajifichi. Mwingine atasema maisha yenyewe ni mbinu, na mwenye kushika silabasi yote hufa maskini. Hilo nimelisikia mara nyingi hadi nimelichoka. Mtu asiye na njia ya kulipia kurudia somo huogopa, na mwenye hofu hushika chochote. Hapo nawahurumia wa vyuo vikuu, na wala siwaoni kuwa waovu. Ila hofu hiyo sisi hatujafika kwayo bado. Tuna muhula huu na mwaka mzima ujao.

Kwa hivyo nimezungumza na mwalimu mlezi wa chama, naye amekubali tutumie darasa la kidato cha tatu kila Jumatano baada ya saa kumi. Kila mtu aje na maswali matano aliyoyatunga mwenyewe, yasiwe ya mapepa, juu ya mada aliyoisoma wiki ile. Madaftari yatafunikwa, tutaulizana wawili wawili, na atakayekwama atatiliwa neno kama chuoni. Mada ya kwanza ni kurasa zile za Bembea ya Maisha ambazo hakuna aliyezipigia mstari. Hata kaka yangu nimemwalika akirudi likizo ya Agosti, na ameniuliza kama aweza kuja na mada zake za udongo. Wanaovuka feri wataachiliwa kwanza, saa kumi na moja na nusu, kabla watu hawajajaa.